Shikamoo, Wifi

Machi 3

Mvua imeanza, na mimi nimehamishwa chumba. Kile cha mbele, chenye dirisha la barabarani, wamepewa maharusi. Mimi nimepewa stoo nyuma ya duka, nalala na maboksi ya vioo vya simu. Paa linavuja upande wa miguu. Kaka anasema ni kwa muda tu. Mama naye: "Bibi harusi hawezi kulala stoo, mwanangu." Nani kasema alale stoo? Angelala kwao.

Nitakuwa naandika humu kwenye simu, maana nikisema kwa mdomo naambiwa nina wivu.

Machi 5

Nimweleze vizuri, nisije nikasoma baadaye nikajiona nilimwonea. Mke wa kaka yangu ni mdogo wa umbo, ngozi laini, nywele nyeusi tii, mwendo wa haraka kama anakimbiza kitu. Alikuwa dobi wa hoteli kubwa, mpiga pasi, mpaka hoteli ilipopunguza watu mwaka jana. Kaka alimjulia hapa hapa dukani. Alileta simu ya vitufe iliyoingia maji, Kaka akamwambia simu hiyo inafaa kugongea misumari, wakacheka, mambo yakaanzia hapo. Kaka ana miaka thelathini na sita. Yeye kasema ana thelathini na nane. "Kanizidi miwili," Kaka alimwambia Mama. "Miwili kitu gani?"

Hotelini wanalipwa kiinua mgongo kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza limeshaingia dukani: betri, vioo, kabati jipya lenye taa ndani. Alimkabidhi Kaka taslimu kwenye bahasha, bila hata kipande cha karatasi. "Mume wako utamwandikisha?" alisema, na Mama akampigia makofi.

Mimi nakaa kaunta tangu nimalize shule. Kaka kaniahidi mvua zikiisha ananilipia chuo cha uhasibu. Kaka akiahidi, kaahidi. Sijawahi kuona mwanaume mwenye roho nzuri kama yake.

Machi 9

Kaka kamnunulia Wifi simu ya kugusa. Anaibonyeza kama kengele ya mlango, kwa nguvu, halafu anarudi nyuma kidogo kuona kama kuna mtu anakuja. Akipigiwa, anaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate na kupiga kelele. Nimemwambia, "Wifi, huyo unayeongea naye yuko mtaa wa pili, hayuko ng'ambo." Akacheka. Anacheka kwa urahisi sana, inaudhi.

Machi 12

Kaka alimtumia hela ya matumizi kwa simu. Akatoka na mvua yote ile mpaka kwa wakala, akaitoa yote, hakubakiza hata ya kununulia vocha. Karudi kalowa chapa, akaketi mezani na kuzipanga noti: sura zote zitazame upande mmoja, kubwa ndani, ndogo nje. Akazikunja mara nne, akaziweka kwenye pochi ndogo, pochi ndogo ndani ya pochi kubwa, pochi kubwa ndani ya mkoba. Nikamuuliza kwa nini asilipe moja kwa moja na simu kama watu wote.

"Hela nisiyoishika, wifi yangu, naiona ni ya mtu mwingine."

Mama kadakia, "Kweli kabisa! Hata mimi!" Wakacheka wakishikana mikono, kama mashoga waliosoma darasa moja.

Mama ana miaka sitini.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri.

Machi 13

Tuna mteja, mwalimu, ana miaka arobaini kamili. Analipa kila kitu kwa simu, mpaka maandazi. Hana pochi. Akikosa chaji anakuwa kama yatima.

Na Wifi ana thelathini na nane?

Machi 17

Mvua. Wifi kaizima simu mchana "ipumzike".

Machi 19

Kanibipu kutoka sokoni. Kengele moja, kakata. Nikapiga, nikidhani kuna jambo.

"Hamna kitu, nilikuwa nakujulisha nimefika."

"Si ungenitumia ujumbe?"

"Ujumbe wa nini, na kubipu ni bure?"

Ujumbe wenyewe akiandika, anaanza na "Habari za saa hizi" na anamalizia na "Ni mimi wifi yako". Kwani namba yako sinayo, mama? Nimempa Kaka asome, nikimtazama usoni kama atashtuka. Akatabasamu tu. "Ana adabu," akasema. Mapenzi ni ugonjwa wa macho.

Machi 21

Usiku mvua ilinitesa. Asubuhi nimekuta kuna beseni juu ya kitanda changu upande wa miguu, limejaa nusu. Wifi aliingia nikiwa nimelala akaliweka. Nani kamtuma aingie chumbani kwangu?

Machi 24

Naandika yote, sitaki kusahau hata neno.

Leo Shangazi, dada yake marehemu Baba, alikuja kula mchana. Shangazi ni mtu wa mdomo. Nilimngojea kwa hamu, maana juzi nilipokuwa napanga droo za vyuma vya zamani dukani niliokota kadi ya simu za kibandani, zile za barabarani, ambazo mimi nimezisikia tu. Nikaiweka mfukoni. Tulipomaliza kula na watu wameshashiba, nikaitoa, nikaitupa mezani katikati ya sahani.

"Hiki nini jamani? Nimekikuta dukani."

Sikumtazama Wifi. Nilijua mtu akitazamwa hanasi.

Akaichukua yeye wa kwanza. Uso ukamfunguka. "Yaa! Hizi! Mnazikumbuka? Siku ya mshahara tulikuwa tunapanga foleni pale karibu na posta, foleni mpaka kona. Mimi kadi yangu nilikuwa naificha kwenye soksi. Kuna msimamizi wetu wa dobini alikuwa anaziuza kwa mkopo halafu anatukata kwenye mshahara, mwizi yule!"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Na ukifika zamu yako, mtu wa mbele anaongea saa nzima!"

"Saa nzima! Unagonga kioo, anakugeuzia mgongo!"

Kaka naye, masikini, akaingia kwenye mazungumzo kwa furaha. "Mimi navikumbuka vile vibanda. Walipoving'oa tulienda kuangalia baada ya shule. Nilikuwa darasa la tatu."

Nikasubiri kidogo. Nikaweka sauti ya mtoto mzuri.

"Kwa hiyo Wifi ulikuwa darasa la tano, na unapokea mshahara?"

Shangazi alikuwa anachokonoa meno. Kijiti kikasimama.

Wifi akacheka peke yake, kidogo, halafu akaacha. Aliirudisha kadi mezani taratibu, akainyoosha iwe sambamba na ukingo wa meza, kama anavyofanya na noti. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mtu hasikii vizuri, lakini kilichofuata sote tulikisikia.

"Una miaka mingapi?" Kaka akauliza.

"Si nilikwambia..."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na moja."

Mama alifunika mdomo. Sijui alikuwa anahesabu nini, ila nadhani najua. Tangu harusi amekuwa akifuma kijisweta cha njano, anakificha nikiingia. Aliinuka, akaenda chumbani na kufunga mlango.

Shangazi akakitoa mdomoni kile kijiti. "Si ungesema, mama? Ungesema mapema, tungekuwa tunakuamkia!"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikapaliwa. Na Kaka akanitazama, nikajua sasa nitapigwa kofi, halafu akacheka na yeye. Kicheko kifupi, cha puani. Sijawahi kumsikia akicheka vile.

Machi 25

Asubuhi nimemkuta uani anaanika nguo chini ya upenu.

"Shikamoo, Wifi."

"Marahaba," akaitika. Ilimtoka yenyewe. Halafu akabaki na shati mkononi.

Nimefurahi mchana kutwa.

Machi 28

Mama haongei naye. Akiingia jikoni, Mama anatoka. Leo kamwambia jirani, Wifi akiwa anasikia, "Nilidhani nimeletewa mkwe, kumbe nimeletewa shoga." Kile kijisweta kimefumuliwa, uzi wa njano uko kwenye pipa la taka.

Aprili 1

Kaka sasa na yeye anamwamkia. Leo Wifi kaja dukani kumletea chai, wateja wamejaa, Kaka akasimama kabisa, mikono kifuani: "Shikamoo, mama! Za nyumbani? Wajukuu hawajambo?" Wateja wakavunjika mbavu. Kijana mmoja akamuuliza, "Ni mama yako kweli, fundi?" Kaka akasema, "Muulize mwenyewe, miaka yake anaijua peke yake."

Wifi akaweka chai kaunta. Haikumwagika hata tone.

Na mimi nilicheka. Ila nilitazama pembeni.

Aprili 4

Kumbe kila siku. Kila akileta chai. Wateja wengine sasa wanamsubiri afike.

Aprili 6

Juzi Kaka kamnyang'anya simu ya kugusa. Kasema hii ni ya vijana, itamchosha macho. Kesho yake nimeiona kwa dada anayeuza vipodozi duka la mkabala, yenye ganda lile lile la bluu. Wifi karudia simu yake ya vitufe, iliyounganishwa na gundi. Aliiwasha, ikalia ule mlio wake wa kizamani, akatabasamu kama aliyekutana na ndugu.

Nilimwambia Kaka, "Ile simu si ulimpa zawadi?"

"Dogo, wewe ndiye uliyeleta ile kadi mezani. Usinifundishe sasa."

Aprili 7

Sikuandika jana yote. Ukweli ni kwamba nilitaka aondoke tu, nirudi chumbani kwangu. Sikutaka hivi. Lakini nikimwambia nani? Na aliyedanganya ni yeye.

Aprili 11

Mvua haikatiki. Boksi moja la vioo limelowa, Kaka kanikata kwenye mshahara.

Aprili 15

Leo nilikuwa na usaili chuoni. Jana blauzi yangu nyeupe ilikuwa imekunjamana kama karatasi ya kufungia. Nikaamka, nikaikuta kwenye msumari wa mlango. Kola imesimama, mikono ina mstari mmoja ulionyooka kama umepigwa na rula. Yule mama wa usajili akaniuliza, "Nguo zako unapeleka dobi gani?" Nikasema nyumbani tu.

Nimekubaliwa. Ada mwisho ni Mei 10.

Nikamwambia Wifi asante. Tukakaa jikoni, Mama alikuwa hayupo. Nikamuuliza kwa nini alidanganya.

"Aliniuliza akiwa anacheka," akasema. "Kaka yako. Akaniuliza, bibie una miaka mingapi, na mimi nilikuwa sijaulizwa kitu na mwanaume akicheka kwa miaka mingi. Nikataja namba iliyonijia mdomoni. Basi. Ningeirudishaje?"

"Ungesema kabla ya ndoa."

"Ungekuwa wewe ungesema?"

Alikuwa anachambua mchele, mikono haisimami hata akiongea. Ana kovu la pasi kwenye kila kidole.

Aprili 16

Kaka hakulala nyumbani.

Aprili 22

Hakulala nyumbani tena. Mama kamtetea: "Mwanaume atafanyaje?" Baadaye nilimkuta Mama peke yake, anahangaika kusoma ujumbe kwenye simu yake, ameishika mbali kwa mkono ulionyooka. Kabla ya mambo haya, Wifi ndiye aliyekuwa anamsomea, neno kwa neno, wanacheka. Nikampokonya nikamsomea. Akasema, "Taratibu basi, mbona unasoma kama unafukuzwa?"

Aprili 29

Leo Wifi kaja stoo, kabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Akakaa juu ya boksi.

Hoteli imewaita: fungu la pili linalipwa wiki ijayo, na safari hii hawatoi taslimu, wanaweka kwenye simu tu. Laini yake ya sasa Kaka ndiye anaijua namba ya siri, maana alimsajili yeye. Anataka laini mpya. Kaona chumba cha kupanga, karibu na zahanati, chenye umeme wa uhakika. Atanunua pasi mbili, atafua na kupiga pasi sare za manesi. Alishaongea na mwenye nyumba. Huyo anamsubiri mpaka Mei 9.

"Hayo mambo ya kubonyeza siyajui, wifi yangu. Wewe ndiye mtu wangu humu ndani."

Mtu wake. Mimi.

Tulienda pamoja kwa wakala wa mtaa wa juu, tukashiriki mwavuli. Laini ikawekwa kwenye simu yake ya vitufe, yenye nafasi mbili. Ilipofika pa kuchagua namba ya siri nikamwambia, "Geuka, nisione." Hakugeuka. Akaitaja kwa sauti huku akibonyeza, tarakimu moja moja, kama anasoma namba ya nyumba. Mwaka wake wa kuzaliwa, ule wa kweli.

"Usitumie mwaka, Wifi, watu wanabahatisha."

"Nani atabahatisha? Anayeujua ni wewe na Mungu."

Akasahau kwamba alishatutajia miaka yake mezani. Au hakusahau, alidhani hakuna aliyejali kiasi cha kupiga hesabu.

Mei 3

Wameshalipwa. Kanionyesha ujumbe jikoni, kaufunika na kiganja kama mtu anayekinga kibiriti na upepo. Alitaka akaitoe yote leo leo. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia, kwa roho safi kabisa, "Wifi, acha ushamba. Hela zote hizo utazificha wapi humu ndani na Kaka anafungua kila droo? Ziache kwenye simu mpaka siku ya kuhama. Humo ndimo salama."

Akafikiri. "Haya," akasema. "Ninyi ndio mnaojua."

Mei 6

Kaka kasikia. Kuna mpiga pasi mwenzake Wifi aliyeleta simu kutengenezwa, akapayuka kwamba wote wameshapewa chao. Kaka aliingia stoo akafunga mlango. Hakupandisha sauti. Alikaa juu ya lile lile boksi.

"Ana laini nyingine?"

Nikaanza kukunja shuka.

"Dogo. Ada yako nitaitoa wapi? Duka unaliona. Hela ya ada ndiyo hiyo hiyo. Unadhani anaipeleka wapi? Anaondoka nayo, na wewe unarudi kaunta mpaka uzeeke kama yeye."

"Ni ya kwake, Kaka."

"Mke wangu ana cha kwake? Alinidanganya miaka kumi na mitatu. Nimlipe mimi?" Akainuka. "Na chumba cha mbele utarudi. Najua laini hakuisajili peke yake. Nipe namba ya siri."

Nilitazama blauzi yangu kwenye msumari.

Mei 7

Nimempa.

Mei 9

Leo hakuna mvua. Jua limewaka mpaka matope ya barabarani yameanza kupasuka.

Asubuhi Wifi alipokwenda kuoga, nilimwona Kaka uani na ile simu ya vitufe mkononi, kajigeuza ukutani. Hakuchukua muda. Ujumbe wa muamala lazima aliufuta. Akapita mbele yangu akipiga mluzi, akaenda kufungua duka.

Wifi akatoka na begi lake moja. Alivaa vizuri. Alimuaga Mama mlangoni, na Mama, jambo ambalo sikulitegemea, akatoka nje akamshika mkono, wakasimama hivyo. Halafu akaenda kwa wakala.

Karudi baada ya muda, na begi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilishapanga maneno: ni mambo ya mume na mke, mimi simo. Nilijua atapiga kelele, nilitaka apige kelele. Hakwenda dukani kwa Kaka. Kaja moja kwa moja stoo, kabisha hodi.

"Wifi yangu, samahani kukusumbua. Simu imekosea. Yule wakala anasema hamna kitu. Anasema salio ni sifuri, nami nikamwambia haiwezekani, hela sijaigusa. Niangalizie. Labda nimebonyeza vibaya."

Akanipa simu. Ilikuwa na joto la mkono wake. Nikaingia kwenye menyu, nikatafuta taarifa ya miamala, sehemu ambayo hajui kama ipo. Ikaja: hela yote, leo asubuhi, na jina la kaka yangu kamili, majina matatu.

Alikuwa amesogea karibu, ananitazama usoni, si kwenye simu. Nilikuwa naweza kuigeuza tu. Kuigeuza kidogo.

"Mtandao unasumbua, Wifi," nikasema. "Siku hizi uko hivi. Subiri mpaka jioni."

"Ee, nilijua," akasema. Mabega yakamshuka, akavuta pumzi. "Nilimwambia yule kijana. Asante, mama. Mungu akubariki."

Alichukua simu yake, akaizima isimalize chaji. Halafu akaketi kwenye kizingiti cha mlango wangu, begi magotini, kungoja jioni.